Unasumbuliwa Kingono Kazini? Namna ya Kuweka Rekodi, Kulalamika na Kudai Haki Yako Nchini Kenya

Maswali ni yale yale kila mara. Nikilalamika si watanifuta? Bila shahidi nani ataniamini? Nimeshaacha kazi, bado naweza kudai? Mimi ni mwanamume, sheria hii inanihusu? Badala ya kujibu mmoja mmoja, nimeziweka hatua zote hapa kwa mpangilio wake. Mwongozo ni wa sheria za Kenya pekee.

Malalamiko mengi niliyoona yakiporomoka hayakuporomoka kwa sababu mlalamishi alisema uongo. Mwajiri alisimama akasema, "Sisi hatukuwahi kuambiwa," na hapakuwa na karatasi hata moja ya kumkanusha. Kwa hivyo utaona karibu kila hatua hapa inalenga jambo hilo moja: mwajiri aambiwe, na kuwe na alama kwamba aliambiwa.

Kama umeshambuliwa au kubakwa, anza hapa

Acha barua kwanza. Nenda hospitali kabla ya kuoga na kabla ya kufua. Nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi au bahasha ya kaki. Plastiki hutunza unyevu na kuharibu ushahidi. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinafaa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa unayookoa ina faida. Hospitali itajaza fomu ya PRC (ya matibabu baada ya kubakwa). Polisi watakuandikia kwenye OB (daftari la matukio la kituo) na kukupa fomu ya P3, ya kurekodi majeraha, ijazwe na daktari. Ukianza na hospitali hujakosea. Matibabu hayangoji nambari ya OB. Laini ya bure ya 1195 hupokea simu za dhuluma za kijinsia ukihitaji mtu wa kukuelekeza.

Mengine yote yanaweza kungoja hadi kesho.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo lenye kurasa zilizoshonwa. Karatasi moja moja hupotea, na kurasa zilizoshonwa ni vigumu mtu kudai uliziingiza baadaye.
- Simu na barua pepe yako binafsi. Usitumie kompyuta wala barua pepe ya kampuni kwa shughuli hii. Siku ukifungiwa nje, kila kitu kimebaki ndani.
- Nakala ya barua ya ajira au kandarasi, hati za mshahara za miezi ya karibuni, na tathmini zako za kazi kama zipo. Tathmini nzuri ya mwezi Machi ni jibu tosha kwa mwajiri anayegundua mwezi Juni kwamba wewe ni mzembe.
- Sera ya kampuni kuhusu unyanyasaji wa kingono.
- Mtu mmoja unayemwamini, wa nje ya ofisi ikiwezekana.

Tahadhari: chukua nakala za mambo yanayokuhusu wewe tu. Ukijitumia orodha ya wateja au siri za biashara ukidhani ni ushahidi, umempa mwajiri sababu ya kukufuta ambayo hakuwa nayo.

Hatua ya 1: Linganisha yaliyokupata na sheria

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaja mwajiri, mwakilishi wake, na mfanyakazi mwenzako. Kinagusa mambo manne:

1. Kukuomba ngono au tendo lolote la kingono, waziwazi au kwa mafumbo, huku ombi likibeba ahadi ya upendeleo, tisho la kukuumiza kikazi, au tisho kuhusu ajira yako ya sasa au ya baadaye.
2. Maneno ya kingono, ya mdomo au ya maandishi.
3. Picha, video au michoro ya kingono.
4. Vitendo vya mwili vya kingono.

Kwa haya, jiulize: sikuyataka, au yaliniudhi? Na yameathiri kazi yangu, utendaji wangu, au utulivu wangu kazini? Jibu likiwa ndiyo, endelea. Sheria haisemi lazima yawe yamerudiwa mara nyingi, na haijabagua mwanamke na mwanamume. "Mfanyakazi" ni pamoja na mwanagenzi aliye kwenye mafunzo ya kazi.

Sehemu hii usiipitie haraka, kwa sababu watu huchanganya kosa la kazini na kosa la jinai, halafu wanavunjika moyo polisi wakiwaambia "hii si kesi." Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinamshika mtu aliye na mamlaka au anayeshikilia wadhifa wa umma, ambaye anaendelea kukutongoza au kukuomba ngono akijua, au akiwa na sababu ya kujua, kwamba hutaki. Adhabu ni kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua Sh100,000, au vyote viwili. Hapo mamlaka na kurudia ni lazima vionekane. Mwenzako wa meza ya pili aliyetoa maneno machafu mara moja huenda asiguswe na kifungu hicho, lakini kwa Sheria ya Ajira bado ana la kujibu. Na yeyote aliyekushika matiti, makalio au sehemu za siri kwa makusudi, hata mara moja, hata kama hana cheo chochote, anaweza kushtakiwa kwa kitendo cha aibu dhidi ya mtu mzima chini ya sheria hiyo hiyo ya 2006.

Hatua ya 2: Andika tukio siku hiyo hiyo

Wengi huandika hivi: "Bosi wangu ni mshenzi, ananisumbua kila siku." Ni kweli, lakini hakuna mchunguzi anayeweza kufanya lolote na sentensi hiyo. Andika hivi:

*"Jumanne, kama saa kumi na nusu jioni, stoo ya orofa ya pili. Nilikuwa napanga faili. Msimamizi (jina lake kamili) aliingia, akafunga mlango, akanishika kiuno, akasema: 'Ukiwa mjanja kandarasi yako itarefushwa.' Nilimwambia aniachilie. Nikatoka. (Jina la mwenzangu) alikuwa koridoni, akaniuliza mbona natetemeka. Saa mbili usiku nilimpigia dada yangu simu nikamweleza."*

Tarehe, saa, mahali, alichofanya, alichosema, ulichojibu, nani alikuwa karibu, nani ulimweleza baadaye. Maneno yaandike kama yalivyotamkwa, yawe Kiswahili, Kiingereza au Sheng, na hata yakiwa machafu. Watu wenye heshima zao huandika "alinitolea matusi ya aibu" kwa kuona haya. Mchunguzi akisoma hajui kilichosemwa. Haya iache nje ya daftari.

Kama ni mambo ya miezi iliyopita, andika pia, ila weka tarehe ya leo juu ya ukurasa na useme wazi unakumbuka ya nyuma. Usibuni tarehe. "Wiki ya mwisho ya Februari, siku ya kufunga hesabu" inatosha na ni ya kweli. "Tarehe 26" ikibainika ilikuwa siku yako ya mapumziko, kila ukurasa mwingine unaanza kutiliwa shaka.

Hatua ya 3: Hifadhi ushahidi

Kwa jumbe za WhatsApp, jina ulilolihifadhi kwenye simu halitoshi, kwa sababu mtu yeyote anaweza kuhifadhi nambari kwa jina la bosi wake. Fungua ukurasa wa mawasiliano upige picha ya skrini inayoonyesha nambari yenyewe, kisha upige mazungumzo yote pamoja na tarehe, yakiwemo majibu yako. Usikate wala kupaka rangi sehemu yoyote. Fanya hivyo upesi, maana ujumbe unaweza kufutwa na aliyeutuma. Halafu safirisha mazungumzo mazima kwenda barua pepe yako binafsi.

Simu yenyewe usiiuze wala kuifuta. Mambo yakifika mahakamani, Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka nakala za kielektroniki ziambatane na cheti kinachoeleza zilitolewa kwenye kifaa gani na jinsi gani. Wakili atakiandaa, lakini hawezi kukiandaa kwa simu isiyokuwepo.

Ushahidi mwingine huwa wa kawaida mno hata watu hawaufikirii: ratiba ya zamu inayoonyesha mliachwa wawili, risiti ya kliniki, ujumbe uliomtumia rafiki usiku ule, orodha ya zamu zako kabla na baada ya kumkatalia.

Hatua ya 4: Mwambie hutaki, kama ni salama

Sheria haikulazimishi kumkabili. Ukiona atakudhuru, ruka hatua hii bila kujilaumu. Ukiweza, tumia maandishi, na yawe mafupi:

*"Jana uliniambia maneno kuhusu mwili wangu. Sikuyapenda. Naomba mazungumzo yetu yawe ya kazi tu."*

Usiongeze "samahani" wala alama za kucheka ili kupunguza makali. Ujumbe huo ukisomwa miezi 8 baadaye na mtu asiyekujua, alama ya kucheka ndiyo atakayoiona kwanza.

Hatua ya 5: Tafuta sera na ujue barua inapelekwa kwa nani

Mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa na sheria kuwa na taarifa ya sera kuhusu unyanyasaji wa kingono, aliyoitoa baada ya kushauriana na wafanyakazi au wawakilishi wao. Lazima sera hiyo ieleze njia ya kuwasilisha malalamiko, iseme kwamba hatua za nidhamu zitachukuliwa, na iahidi kwamba jina lako na mazingira ya tukio havitafichuliwa isipokuwa inapohitajika kwa uchunguzi au nidhamu. Pia analazimika kuhakikisha kila mfanyakazi anaifahamu.

Iombe kwa barua pepe, kwa upole, bila kutaja sababu. Wakikupa, fuata njia iliyoandikwa humo. Wakikujibu kwamba haipo, na mko 20 au zaidi, jibu hilo lihifadhi vizuri, ni ushahidi.

Hatua ya 6: Andika barua ya malalamiko

Ukurasa mmoja au miwili. Andika kwa lugha unayoweza kueleza kwa usahihi. Mfano:

*Kwa: Meneja wa Wafanyakazi*
*Tarehe: …*

*KUH: MALALAMIKO YA UNYANYASAJI WA KINGONO*

*Mimi (jina, cheo, idara) nalalamika rasmi dhidi ya (jina, cheo) chini ya kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira ya 2007 na sera ya kampuni.*

*1. Tarehe …, saa …, mahali …: (alichofanya na alichosema).*
*2. Tarehe …: …*

*Nilimweleza sitaki tarehe … kwa njia ya …*
*Walioona, kusikia au niliowaeleza ni: …*
*Nimeambatisha: …*
*Tangu hapo kazi yangu imeathirika hivi: …*

*Naomba (a) uchunguzi ufanyike. (B) nisisimamiwe naye uchunguzi ukiendelea. (C) jina langu lilindwe kama sheria inavyotaka. (D) nijibiwe kwa maandishi kufikia tarehe …*

*Sahihi*

Kipengele (b) wengi hukisahau, kisha wanashangaa kujikuta wamehamishwa wao kwenda tawi la mbali "kwa usalama wao." Sema mapema kwamba hukuomba kuhamishwa wewe.

Sasa, kupeleka. Chapisha nakala mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe. Wakikataa kugonga, tuma ile ile kwa barua pepe papo hapo ukisema: "Nimeleta barua hii leo saa fulani, mapokezi wamekataa kuigongea muhuri." Malalamiko ya mdomo kwenye ngazi za jengo, hata kama meneja alitikisa kichwa na kusema pole, yahesabu kwamba hayakufanyika mpaka uyaandike.

Hatua ya 7: Wakati wa uchunguzi

Utaitwa kuhojiwa. Uliza kwa maandishi nani ataketi kwenye kamati, na kama mmoja wao ni rafiki au jamaa wa unayemlalamikia, pinga mapema. Omba kuandamana na mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Soma maelezo yako kabla ya kutia sahihi; ukiona sentensi ambayo hukusema, ikate na utie sahihi ndogo pembeni.

Jiandae kwa jambo moja linaloumiza: mtuhumiwa ataonyeshwa madai yako na atapewa nafasi ya kujibu. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira kinampa haki ya kuelezwa kosa na kusikilizwa kabla ya kuachishwa kazi. Mwajiri akiiruka haki hiyo, mtuhumiwa anaweza kushinda kesi ya kufutwa isivyo halali hata kama alikufanyia yote uliyosema. Kwa hiyo usiwasukume wamfute leo leo. Wasukume wachunguze vizuri na kwa tarehe zinazojulikana.

Kila kikao kikiisha, tuma barua pepe fupi: "Leo tumekutana, mmeniambia hivi na hivi, hatua inayofuata ni hii."

Hatua ya 8: Ukikosa haki ndani, toka nje

*Afisa wa leba* wa kaunti yako. Huhitaji wakili. Ukiachishwa kazi isivyo haki, malalamiko yafike kwake ndani ya miezi 3.

*Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Leba.* Unaweza kwenda moja kwa moja bila kupitia kwa afisa wa leba. Muda wa kawaida ni miaka 3 tangu tukio, lakini kwa madhara yanayoendelea ni miezi 12 tangu yakome, na hapo ndipo watu huteleza wakidhani wana miaka mitatu mizima. Usicheze na kalenda. Fidia ya kufutwa isivyo halali inaweza kufika mshahara wa jumla wa miezi 12, na mahakama inaweza kutoa fidia ya kudhulumiwa kwenyewe kando ya hiyo.

*Polisi*, kwa makosa ya jinai niliyotaja katika hatua ya 1. Njia hii na ile ya leba hazizuiani.

*Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa* hupokea malalamiko pia. Kwa msaada wa wakili bila uwezo wa kulipa, jaribu FIDA-Kenya (shirika la mawakili wanawake), Kituo cha Sheria, au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Hapo awali mtumishi wa umma alikuwa na silaha ya ziada: kifungu cha 21 cha Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 kilimkataza afisa kumnyanyasa kingono mwananchi au mtumishi mwenzake, lakini sheria hiyo ilifutwa mwaka 2025.

Makosa yanayowaponza wengi

Kujiuzulu kwa hasira, kwa barua ya mistari miwili inayosema "sababu za kibinafsi." Ikiwa huna budi kuondoka, andika sababu yenyewe, ili uweze kudai kwamba mwajiri ndiye aliyekulazimisha kutoka kwa kufanya mahali pa kazi pasikalike. Barua ya shukrani ukiiandika leo ili uondoke kwa amani, itasomwa mahakamani kwa sauti.

Kumwanika mtu mtandaoni. Naelewa kabisa kishawishi hicho, hasa ofisi ikinyamaza, lakini inakuletea kesi ya kuharibu jina la mtu na inawapa nafasi ya kukugeuza wewe kuwa mtuhumiwa.

Kutia sahihi makubaliano ya "kumaliza mambo" siku ile ile. Mara nyingi ndani yake kuna mstari unaosema huna dai lingine lolote. Mwambie yeyote aliyekuletea kwamba utayasoma nyumbani.

Mambo yakikwama

*Hakuna aliyeona.* Vitendo hivi hufanywa mlango ukiwa umefungwa, na mahakama inajua hivyo. Kwenye kesi ya leba kipimo ni uzito wa maelezo, upande upi unaelekea kuwa wa kweli zaidi. Hulazimiki kufikia kiwango cha kesi ya jinai. Daftari la siku ile na dada uliyempigia simu vina uzito.

*Nilicheka, au nilikuwa nikimjibu vizuri.* Kumchekea anayeshika mkate wako si idhini. Eleza hivyo wazi kwenye barua, kabla upande wa pili hawajaleta jumbe hizo wenyewe.

*Anayenisumbua ndiye mwenye kampuni.* Mwandikie hata hivyo, kwa barua pepe, kisha usingoje. Nenda kwa afisa wa leba au wakili.

*Ni mteja.* Kifungu cha 6 hakimtaji mteja. Mjulishe mwajiri kwa maandishi na uombe asikutume kwa mteja huyo peke yako. Akikujibu "vumilia, huyo ndiye anatulipa," hilo sasa ni kosa lake, na liko kwenye maandishi.

*Tuko watano tu, hakuna sera.* Sharti la sera ni la waajiri wa watu 20 kwenda juu. Marufuku yenyewe inamhusu kila mwajiri, hata aliyeajiri yaya mmoja nyumbani.

*Wamenifuta baada ya kulalamika.* Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira kinasema kulalamika dhidi ya mwajiri si sababu halali ya kuachisha mtu kazi, isipokuwa ithibitike malalamiko yalikuwa ya ovyo na yasiyo na msingi. Weka barua yako yenye muhuri kando ya barua ya kufutwa na ulinganishe tarehe. Dai hati ya utumishi, ni haki yako hata umeondokaje. Kisha anza kuhesabu ile miezi 3 leo, tangu tarehe iliyo kwenye barua ya kufutwa.

*Wameniita kikao cha nidhamu kwa kosa lingine.* Hudhuria. Nenda na mwenzako au mwakilishi wa chama, beba tathmini zako za zamani, na mwanzoni kabisa useme, na uombe iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, kwamba ulilalamika tarehe fulani na bado hujajibiwa.